Kitunguu cha Ruaha Mbuyuni na chikanda ya Makete ni ukoo mmoja? Nionyesheni alama moja tu

#1 Mama Shamba Igawilo
Wakuu, salaam. Binti yangu yuko kidato cha sita, amerudi likizo na daftari la Baiolojia. Humo kaandika kwamba kitunguu, chikanda (kile kiazi cha porini kinacholiwa), mkonge, aloe vera na yale maua ya gladioli ya kwenye harusi yote yako oda moja, yaani kundi kubwa la familia za mimea, inaitwa Asparagales.

Mimi vitunguu nimelima miaka mingi, na chikanda nimekula tangu utotoni Tunduma. Kitunguu unasia mbegu kitaluni, unahamishia shambani, unavuna. Chikanda sijawahi kusikia mtu kaipanda ikaota, inachimbwa porini tu. Kitunguu ni matabaka, chikanda ni kiazi kigumu. Kitunguu kinatoa machozi, chikanda haina hata harufu. Nimembana binti anionyeshe kinachoviunganisha, kanijibu "vinasaba". Hilo jibu halinitoshi. Nipeni alama moja ambayo mkulima anaweza kuiona kwa macho yake.

#2 Kijana wa Soweto Mbeya
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje.

#3 Bwana Shamba Mstaafu
Kamwene dada. Alama ni mbegu nyeusi. Chukua tumba la kitunguu lililokauka, lile linalokaa juu ya bomba, lipukute kiganjani. Mbegu zake ni nyeusi tii na zina kona kona. Ule weusi ni ganda la pekee, kitaalamu fitomelani, na mimea ya oda ya jirani, Liliales, haina. Asparagasi yenyewe iliyoipa oda jina ina tunda jekundu, lakini ukilipasua, mbegu ya ndani ni nyeusi.

Na kwa kuwa tumegusa mbegu: ya kitunguu inazeeka haraka. Usinunue iliyolala dukani tangu msimu uliopita, hata kama muuzaji anaapa.

#4 Mkinga Halisi
Bwana Shamba, heshima yako, lakini mimi nimezaliwa Makete. Ua la chikanda likikauka linaacha kijitunda chembamba chenye mistari. Mistari inapasuka, upepo ukipita linatoka vumbi. Vumbi hilo ndilo mbegu, na si jeusi. Sasa weusi wako uko wapi?

#5 Bwana Shamba Mstaafu
Okidi zimeupoteza, na chikanda ni okidi (orchid). Gladioli nayo mbegu zake ni za kahawia. Mimea mingi ya oda hii yenye tunda laini imepoteza pia. Mtoto akizaliwa bila kipara cha babu yake hafutwi kwenye ukoo.

#6 Botania Mwaka wa Pili
Mzee, hesabu inakukataa. Oda nzima inakadiriwa kuwa na spishi kama 36,000. Okidi peke yake ni kama 28,000. Ukisema okidi hazina hiyo alama, basi alama yako haipo kwenye zaidi ya robo tatu ya oda unayoitambulisha kwayo.

#7 Kijana wa Soweto Mbeya
Hapo mzee kabanwa. Endeleeni.

#8 Botania Mwaka wa Pili
Alama nzuri zaidi naona ni mahali mbochi, yale maji matamu ya ua, unapotoka. Mama Shamba, vitunguu vyako vikitoa maua, chukua ua moja lililofunguka. Ni dogo, kwa hiyo tafuta wembe mpya. Katikati kuna kitufe cha kijani, hiyo ndiyo ovari. Ikate kwa mlalo. Utaona vyumba vitatu, na ndani ya kuta zinazotenganisha vyumba kuna vijinafasi vyembamba. Mbochi unatengenezwa humo, halafu unachuruzika chini, kwenye kitako cha stameni (sehemu za kiume zenye chavua), ndiyo maana nyuki wanaingiza mdomo pembeni mwa ovari badala ya juu yake. Yungiyungi la kweli (lily ya bustanini, si ile ya majini), ambalo ni Liliales, mbochi wake unatoka kwenye kitako cha petali. Hiyo ni tofauti ya kuiona kwa macho.

#9 Mkinga Halisi
Na chikanda?

#10 Botania Mwaka wa Pili
Okidi nyingi mbochi wake unakaa kwenye mkia wa nyuma ya ua. Zile za jenasi ya Satyrium, ambazo ni chikanda safi kabisa, zina mikia miwili kwa kila ua. Habenaria ina mmoja. Disa nayo mmoja, ila unatokea kwenye sepali (jani la nje la ua) ya juu.

#11 Mkinga Halisi
Kwa hiyo na wewe alama yako imegomea kwenye robo tatu ileile.

#12 Mwalimu Rujewa
Naomba kuchangia. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 aligawa makundi yake makuu kwa kuhesabu stameni. Kitunguu kina 6, mkonge 6, aloe 6, asparagasi 6, yungiyungi 6, vyote akaviweka kundi moja. Gladioli ina 3, ikaenda kundi lingine. Okidi nyingi zina moja, tena imeungana na sehemu ya kike ikawa nguzo moja, nazo zikaenda kwao. Mimi ningemwambia binti aanzie hapo, kwa sababu kuhesabu anaweza.

#13 Mpunga wa Mbarali
Mwalimu, na mpunga je? Ukifungua kiua cha mpunga asubuhi saa nne unakuta stameni 6 zinaning'inia. Huku Mbarali kila mtoto anaziona. Mpunga nao ni ndugu wa kitunguu?

#14 Mwalimu Rujewa
Mpunga ni oda ya nyasi, Poales. Ni monokotiledoni (mbegu yake ina ghala moja) kama kitunguu, undugu upo kwa mbali. Lakini umenigusa penyewe: idadi ya stameni haitoshi. Ndiyo maana utaratibu wa Linnaeus uliachwa.

#15 Kabati la Mimea
Nimesoma kuanzia juu. Tuweke historia sawa, kwa sababu daftari la binti na vitabu vya zamani vitagongana.

Jina Asparagales ni la 1829, lakini kwa muda mrefu halikutumika sana. Hadi 1981 mtaalamu wa mimea Cronquist bado aliweka kitunguu, aspodeli na wengine wengi kwenye familia moja kubwa ya mayungiyungi, Liliaceae. Kila kilichokuwa na petali sita na tunguu chini kilitupwa humo. Mwaka 1985 Dahlgren na wenzake wakaigawa ile familia, na waliangalia hasa hizo mbegu nyeusi na hizo tezi za mbochi mnazobishania. Kwa hiyo Bwana Shamba na Botania wote wawili wamesimama mahali halali. Kuanzia 1998 likaja kundi la wataalamu wa mimea, APG, lililotumia DNA, likarekebisha 2003, 2009 na 2016. Toleo la 2016 lina familia 14 ndani ya oda hii.

Kitunguu kilitoka Liliaceae, kikapewa familia yake Alliaceae, na 2009 kikaingizwa Amaryllidaceae. Mkonge ulikuwa Agavaceae, sasa uko Asparagaceae. Aloe iko Asphodelaceae. Okidi ndiyo tawi lililojitenga kwanza kabla ya wengine wote, ndiyo maana haifanani na yeyote.

#16 Mama Shamba Igawilo
Shukrani Kabati. Hilo la tawi lililojitenga kwanza limenisaidia. Lakini bado ni "vinasaba".

#17 Baba Kidato
Mtoto wangu ana kitabu kinachosema kitunguu ni Liliaceae. Mtihani ukija aandike nini?

#18 Mwalimu Rujewa
Aandike Amaryllidaceae na ataje kwamba zamani kiliwekwa Liliaceae. Sentensi mbili tu.

#19 Mfugaji Usangu
Nyie mnagombania mbegu, mimi nawapa alama ya kuokoa maisha. Mvua za kwanza zikinyesha huku, kuna ua linachomoza ardhini bila jani, tufe jekundu kubwa kama ngumi. Ukilichimba, chini ni tunguu. Miaka ya nyuma vijana wa machunga walilichimba wakidhani ni kitunguu pori. Mbuzi wa jirani alikula mabaki, akafa kabla ya jua kuzama. Je, hilo nalo ni ndugu wa kitunguu?

#20 Kabati la Mimea
Ndiyo, tena ndugu wa karibu kuliko chikanda. Hilo tufe jekundu kwa maelezo yako ni Scadoxus, familia ileile ya Amaryllidaceae. Tofauti ni kwamba tawi lake lina sumu ya alkaloidi, mojawapo ni likorini, na sehemu nyingi za Afrika limetumika kutengeneza sumu ya mishale. Tawi la kitunguu na kitunguu saumu halina hizo, lenyewe lina salfa, na ndiyo inayonuka. Ukiponda tunguu la porini lisitoe harufu ya kitunguu, usilitie mdomoni. Na hata likinuka, kama hulijui liache.

#21 Dada wa Mwanjelwa
Hii #20 ibandikwe juu kabisa ya uzi. Na hayo machozi nayo ni salfa?

#22 Botania Mwaka wa Pili
Ndiyo. Ukikata, seli zinapasuka na vimeng'enya vinakutana na salfa. Watafiti wa Japani mwaka 2002 walionyesha kuna kimeng'enya cha pekee kinachotengeneza gesi ya machozi. Wengi kabla ya hapo walidhani inajitengeneza yenyewe. Kisu kikali kinapasua seli chache, machozi yanapungua.

#23 Mchaga wa Uyole
Mmesahau masale. Kwetu Moshi sale ndiyo mpaka wa shamba, na mtu akikuletea jani la sale lililofungwa fundo anaomba msamaha, ni vigumu kumkatalia. Jenasi yake ni Dracaena, Asparagaceae, pamoja na mkonge. Kwa hiyo oda hii ina mmea wa kula, wa kamba, wa dawa na wa kusuluhisha ugomvi.

#24 Mzee wa Kalenga
Mkonge uliletwa na Wajerumani kutoka Meksiko. Huku kwetu tumeupanda pembeni mwa mashamba kuzuia ng'ombe.

#25 Kabati la Mimea
Mzee, asili yake ni Meksiko, lakini Mjerumani Hindorf mwaka 1893 aliuagiza kutoka Florida. Vilitumwa vichipukizi 1,000, vilivyofika hai vilikuwa 62, vikapandwa karibu na Pangani. Mashamba makubwa ya Tanga yalianzia hapo.

Mkiutazama mkonge vizuri mtaona kitu: unatoa mlingoti mara moja tu maishani, halafu unakufa. Juu ya ule mlingoti, maua yakishadondoka, vinaota vimche vidogo vyenye majani tayari, vinaanguka na kushika ardhi. Aloe inatoa maua mwaka baada ya mwaka na haifi. Watu wanavichanganya kwa sababu vyote vina majani manene yenye miiba pembeni au nchani, kumbe familia ni tofauti. Vunja jani: aloe inatoa utelezi, mkonge unatoa nyuzi.

#26 Mama Shamba Igawilo
Turudi kwenye chikanda. Kama ni oda moja na kitunguu, kwa nini haipandiki?

#27 Mpakani Tunduma
Mimi nauza. Nimepeleka viazi kwa watu wawili watatu wakajaribu kupanda huku mpakani, vikaoza. Naamini ni baridi. Chikanda inataka baridi ya Kitulo na Makete, kule juu mita 2,600. Tunduma kuna joto.

#28 Mkinga Halisi
Si baridi. Hata huku kwetu kwenye baridi yenyewe wamejaribu, haikai. Tena chikanda nyingine inatoka Sumbawanga na Songea, siyo kwenye baridi kali. Tatizo ni kile unachochimba. Ukifukua mmea mmoja unakuta viazi viwili vimekaa pamoja. Kimoja kimenywea, ganda limejikunja, ukikibonyeza kinalegea: hicho ndicho kilicholisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, cheupe ndani, kimejaa: hicho ni cha mwaka ujao. Mnunuzi anataka kigumu. Mchimbaji anachukua kigumu, anatupa kilichonywea. Hapo umeondoa mwaka ujao wote, na shina lililobaki linakauka.

#29 Botania Mwaka wa Pili
Mkinga umeeleza kwa nini inakufa ikichimbwa, hujaeleza kwa nini haioti ikisiwa. Ile vumbi ya #4 haina chakula ndani. Mbegu ya kitunguu imebeba akiba yake, inachipua kwa maji tu. Mbegu ya okidi lazima ipate kuvu fulani wa udongoni anayeilisha mpaka itoe jani. Bila huyo kuvu inabaki vumbi. Maabara inawezekana: mtafiti Knudson mwaka 1922 aliotesha mbegu za okidi kwenye chupa zenye sukari na madini bila kuvu. Lakini hiyo ni maabara.

#30 Bwana Shamba Mstaafu
Kuvu hata kitunguu anao kwenye mizizi, anakisaidia kupata fosforasi. Tusiwafanye okidi kuwa wa ajabu peke yao.

#31 Botania Mwaka wa Pili
Anao, lakini akikosekana kitunguu kinaota. Na kuvu wenyewe ni wa makundi tofauti.

#32 Mzee wa Kalenga
Mimi naona ni udongo kulimwa. Chikanda iko kwenye nyasi ambazo jembe halijawahi kupita. Ukilima mara moja, hata ukiacha miaka, hairudi.

#33 Mpakani Tunduma
Basi wataalamu mnasemaje, watu waache? Wateja wangu wako ng'ambo ya mpaka, Wazambia. Wanatwanga viazi vikavu, wanachanganya na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, wanasonga mpaka inakuwa donge zito, wanakata vipande. Harusi bila hicho chakula haikamiliki. Na kina mama wa Makete wanaochimba wanalipa ada za shule kwa hiyo hela. Nayasema haya nikiwa najua inapungua. Gunia lililokuwa linajaa kwa siku moja sasa linachukua wiki.

#34 Kabati la Mimea
Mpakani, nakuheshimu kwa kusema wazi. Utafiti uliochapishwa 2003 kuhusu nyanda zetu hizi ulikadiria viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vinavuka kwenda Zambia kwa mwaka, na spishi hadi 85 zilikuwa hatarini. Okidi zote ziko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Kitulo ikawa hifadhi ya taifa 2005, kilomita za mraba kama 413, na ilitengwa hasa kwa ajili ya mimea. Okidi za ardhini pekee humo ni aina 45. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla ya hifadhi.

#35 Mkinga Halisi
Hifadhi imesaidia ndani ya mipaka yake. Nje, nyasi zimegeuka viazi mviringo na ngano. Mimi naona jembe limeua nyingi kuliko wachimbaji. Mchimbaji anachagua anachokiona, jembe halichagui.

#36 Mfugaji Usangu
Na moto je? Kila kiangazi milima inawaka.

#37 Mkinga Halisi
Moto wa kiangazi unakuta shina limeshakauka na kiazi kiko chini, salama. Palipoungua ndipo nimeona maua mengi mvua zikianza, kwa sababu nyasi ndefu hazijaziba. Mbaya ni moto uliochelewa, mashina yakiwa yameshachomoza.

#38 Bwana Shamba Mstaafu
Hapo sikubali. Palipoungua maua yanaonekana mengi kwa sababu hakuna nyasi za kuyaficha. Hesabu mashina, usihesabu unachokiona ukiwa barabarani.

#39 Mkinga Halisi
Mzee, mimi natembea kwa miguu.

#40 Kijana wa Soweto Mbeya
Mama Shamba, umepata alama yako?

#41 Mama Shamba Igawilo
Bado. Nimepata mbegu nyeusi ambayo okidi hazina, tezi za mbochi ambazo okidi hazina, na stameni 6 ambazo mpunga unazo. Binti anasema kwamba undugu unatambulika kwa alama nyingi pamoja, na kila mmoja ana pengo lake. Nimemwambia nitaamini nikiziona zote siku moja. Tunataka kwenda Kitulo Februari. Tutaona nini zaidi ya okidi?

#42 Kabati la Mimea
Mwezi mzuri, maua ni Desemba hadi Aprili. Tafuteni Kniphofia, ile yenye mshale wa rangi ya moto, hiyo ni familia ya aloe. Kuna Moraea na gladioli, familia ya Iridaceae: hesabuni stameni, mtakuta 3. Hypoxis ina ua dogo la njano lenye ncha sita, na familia yake pia iko ndani ya oda. Uwanda mmoja, familia nne za Asparagales mkihesabu na okidi. Hakikisheni Satyrium mnazitazama kwa nyuma muone mikia miwili.

#43 Mpunga wa Mbarali
Njia ipi inafaa?

#44 Mkinga Halisi
Kutoka Mbeya pandeni kwa Isyonje. Kutoka Chimala kuna zile kona 57 hadi Matamba, mandhari ni nzuri lakini breki ziwe nzima. Bebeni makoti, Februari ukungu unashuka hata saa sita mchana. Wembe uacheni nyumbani, ndani ya hifadhi hakuna kuchuma wala kuchimba. Huo fanyieni maua ya kitunguu kabla hamjaondoka.

#45 Bwana Shamba Mstaafu
Dada, na vitunguu vyako vikitoa tumba mwaka huu usivipukute vyote sokoni. Niwekee mbegu kidogo za Red Creole.